Mwaniko Mrefu wa Picha za Mchana: Maji, Mawingu na Watu wa Nyanda za Juu Kusini

Miongoni mwa picha za mandhari zinazopigwa siku hizi katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, iko aina moja inayostahili kuhakikiwa peke yake. Ni picha ya mchana, jua likiwa juu, lakini maji ya mto yaliyomo hayana matone wala mapovu. Yamelala juu ya mawe kama shuka nyeupe iliyotandikwa na mtu mwenye subira. Mawingu nayo yamevutwa kama pamba inayosokotwa. Mtu aliyepata kusimama kandokando ya Mto Kiwira, pale Daraja la Mungu, akionyeshwa picha ya namna hii ya mahali pale pale, hulijua jiwe lakini hayajui maji. Wala si kosa lake, kwa kuwa hapana jicho la mwanadamu liwezalo kuyaona maji kwa umbo lile. Hata hivyo picha haikuchorwa kwa mkono. Kila weupe uliomo uliwekwa na nuru iliyotoka kwenye maji yenyewe. Basi kuuliza kama picha hiyo ni ya kweli au ya uwongo hakufiki mbali. Swali lenye faida ni jingine: picha hiyo yasema nini, na yasema kwa njeo gani?

Kabla ya kulijibu, yafaa jambo lenyewe lifahamike. Katika jua kali, kamera yenye wepesi wa ISO 100 na tundu la lenzi la f/16 hutosheka na nuru ya takriban sehemu moja ya 125 ya sekunde. Huo ni muda mfupi mno kwa tone la maji kwenda mbali. Mpiga picha atakaye muda mrefu hana budi kuipunguza nuru, na hufanya hivyo kwa kuweka mbele ya lenzi kioo cheusi kinachopitisha sehemu moja tu katika elfu. Kwa kioo hicho muda huwa sekunde 8. Akiongeza kioo cha pili kinachopunguza nuru mara 8, hufika sekunde 64. Kamera husimamishwa juu ya miguu mitatu ili isitikisike, na katika dakika hiyo moja kila kitu kisichotembea hujiandika kikamilifu mahali pake, na kila kitu kitembeacho hujigawanya katika mahali pote kilipopita.

Kiswahili hakijapata jina lililotulia kwa tendo hili la kuiacha nuru ifanye kazi yake juu ya filamu au juu ya kifaa kilichoshika nafasi ya filamu. Lingeweza kupendekezwa neno *mfichuo*, kutokana na *fichua*, lakini kufichua ni tendo la mara moja: kifuniko kikishaondolewa, limekwisha. Neno bora limo tayari katika kazi za kila siku za wakulima na wavuvi. Mpunga wa Kyela na wa Usangu huanikwa juu ya turubai. Kahawa ya Mbozi huanikwa juu ya vichanja. Usipa wa Ziwa Nyasa huanikwa mchangani au juu ya chanja. Kuanika ni kukiweka kitu wazi mbele ya jua kwa muda unaokitosha, usipungue kikaoza wala usizidi kikaharibika. Hiyo ndiyo hesabu ya mpiga picha, neno kwa neno. Tena *anika* hutumika kwa siri iliyotolewa hadharani, na maana hiyo haidhuru hapa. Kwa kawaida ya lugha, kama *andika* lilivyozaa *mwandiko* na *alika* likazaa *mwaliko*, *anika* laweza kuzaa *mwaniko*, wingi *mianiko*, bila kulilazimisha. Katika makala haya picha hizo zitaitwa picha za mwaniko mrefu.

Msemo *kupiga picha* wenyewe umelaumiwa mara nyingine kwamba unamfanya msemaji adhani picha ni pigo moja, mfano wa risasi. Lawama hiyo haina uzito. Kupiga deki si pigo moja, wala kupiga pasi, wala kupiga magoti. *Piga* katika misemo hii limekwisha kupoteza mkono wake na kubaki kitenzi cha kubebea jina. Tatizo haliko katika kitenzi cha kupiga picha. Liko katika kitenzi ambacho mtazamaji hukitia kimyakimya ndani ya picha aionapo.

Mtu akiangalia picha ya kawaida ya maporomoko, matone yakiwa yamesimama hewani, husema moyoni: maji *yanaanguka*. Hapo hapana ubishi mkubwa. Lakini akiangalia picha ya mwaniko mrefu ya maporomoko yale yale, aghalabu husema: maji *huanguka*. Kiambishi *hu-*, kama wanafunzi wa sarufi ya Ashton ya 1944 walivyofundishwa, hakichukui kiambishi cha nafsi wala hakifungwi na wakati maalumu. Husema lililo desturi ya kitu. Na kwa kweli picha ya mwaniko mrefu yafanana na *hu-*. Imeondoa tone hili na tone lile, imeacha mwendo peke yake, na mwendo usio na tone huonekana kuwa hauna tarehe. Huo ndio uzuri wake, na hapo ndipo hila yake ilipojificha. Kwa maana sekunde 64 za alasiri moja si desturi. Sarufi ya haki ya picha hiyo ni *yalikuwa yakianguka*: *-li-* inayoifunga kwenye siku yake, na *-ki-* inayoonyesha kwamba katika siku hiyo tendo lilikuwa likiendelea. Picha za mwaniko mrefu zinazosifiwa kwa utulivu wake hupata sifa hiyo kwa kuifuta *-li-*.

Kosa hili si geni. Lilizaliwa pamoja na ufundi wenyewe. Picha ya kwanza ya kamera iliyosalia duniani, ile ya Nicéphore Niépce iliyopigwa kutoka dirishani mwa nyumba yake huko Ufaransa mnamo 1826 au 1827, ilianikwa kwa saa nyingi, na huenda kwa siku kadhaa. Jua lilizunguka muda huo wote, hata kuta zinazoelekeana za uwanja zikapata nuru pande zote mbili. Hapana saa yoyote ya siku ambayo uwanja ule ulipata kuonekana hivyo. Mnamo 1838 Louis Daguerre akapiga njia kuu ya Boulevard du Temple mjini Paris kwa dakika kadhaa. Njia hiyo ilikuwa na magari ya farasi na watu wengi, lakini katika sahani ya Daguerre ni tupu, isipokuwa pembeni chini, ambako mtu mmoja amesimama akipigwa rangi viatu. Wahakiki wengi wamemtaja bwana huyo kuwa mtu wa kwanza kuonekana katika picha. Wachache humtaja mpiga rangi viatu aliye miguuni pake, ambaye alikaa pale kwa sababu pale ndipo palipokuwa riziki yake. Mahali hapo pa picha pastahili kukumbukwa, kwa kuwa hoja ya soko la Mwanjelwa itarudi papo hapo.

Sahani ya Daguerre yasema: *hakuna aliyekaa*, ila wawili. Mtazamaji asiyejua ufundi husoma: *hakuna aliyekuwepo*. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili ni ndogo kwa masikio, lakini katika Afrika Mashariki ilikuwa na uzito.

Picha za mwanzo kabisa za nchi zilizo jirani na Nyanda za Juu zilipigwa katika msafara wa David Livingstone wa Zambezi, ulioanza 1858. Kazi ya upigaji picha alipewa ndugu yake, Charles Livingstone, ambaye hakuimudu vyema; aliyefaulu zaidi alikuwa John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea, yule aliyekuja baadaye kuwa balozi mdogo wa Uingereza Unguja na kushughulikia mkataba wa 1873 uliolifunga soko la watumwa. Kirk alitumia karatasi iliyotiwa nta, njia iliyotaka mwaniko wa dakika kadhaa hata juani. Karatasi hizo hushika mawe, magogo, kuta na miti mikubwa. Mtu apitaye hazimshiki. Mnamo 1860 James Augustus Grant alipiga picha mjini Unguja, likiwamo soko la watumwa, lakini safari yake na Speke ilipoanza kwenda bara aliiacha kazi hiyo akachora kwa mkono, kwa kuwa joto la hema la kutengenezea sahani lilikuwa likimwangamiza. Hivyo bara la Afrika Mashariki liliingia katika macho ya Ulaya ama kwa kalamu ya mchoraji, ambaye aliweza kuwatia watu apendavyo, ama kwa karatasi zilizokawia, ambazo ziliwatoa bila kupenda.

Hapa mhakiki hana budi kwenda polepole. Ni rahisi kusema kwamba karatasi za Kirk zimeifanya nchi yenye watu ionekane tupu, na kuishia hapo. Lakini katika bonde la Mto Shire, ambako msafara huo huo ulipita, utupu wa 1863 ulikuwa utupu wa kweli: njaa na uvamizi wa wakamata watumwa vilikuwa vimeviangamiza vijiji, na Livingstone mwenyewe aliona maiti zikielea mtoni. Basi uko utupu uletwao na mwaniko na uko utupu uletwao na bunduki, na katika karatasi ya nta vyote viwili vina sura moja. Dhambi ya picha ya mwaniko mrefu si kuwaondoa watu tu. Ni kwamba humnyima mtazamaji njia ya kujua ni nini kilichowaondoa. Shida hii ilipungua baada ya sahani kavu za jelatini, zilizoanzishwa na Maddox 1871, kuenea. Na Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alipoizunguka nchi ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na kuchapisha kitabu chake 1906, watu walikuwa wakionekana kwa uso na kwa mavazi. Picha zake zina kasoro za namna nyingine, zilizo za mtawala amtazamaye mtawaliwa, lakini hizo si za mwaniko.

Ajabu ni kwamba wapiga picha wa leo, wenye kamera ziwezazo kukamata ubawa wa nzi, hununua vioo vyeusi kwa bei kubwa ili wairudie shida ya Kirk kwa hiari. Hilo peke yake si aibu. Mshairi naye huifunga mizani ambayo hakuna aliyemlazimisha. Lakini aliyejifunga kwa hiari aulizwa amepata nini.

Katika maji, mara nyingi amepata utamu tu, na utamu huo una gharama. Maji yakianikwa kwa sekunde 64, kila mahali ambapo povu limepita hata mara chache hupata weupe. Kijito chembamba kinachorukaruka juu ya jiwe pana, mara huku mara kule, hulifunika jiwe lote kwa pazia moja. Maji kidogo huonekana mengi. Katika nchi nyingine hilo lingekuwa jambo la mapambo. Katika Mbeya na Iringa si la mapambo. Mto Ruaha Mkuu, unaokusanya vijito vya milima hii, kupita tambarare za Usangu na kinamasi cha Ihefu, na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ulikatika wakati wa kiangazi mnamo 1993, na tangu hapo ukawa ukikatika karibu kila mwaka kwa wiki au miezi. Viboko walibanana katika madimbwi. Mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yakakosa sehemu ya maji yake. Wakulima wa mpunga, wafugaji na wahifadhi wakatupiana lawama kwa miaka mingi. Mnamo 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza nia ya serikali ya kuurudishia mto huo mtiririko wa mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka huo ulipita na mto ukaendelea kukatika.

Mtu na afikirie sasa picha ya mwaniko mrefu ya mojawapo ya vijito vinavyoulisha mto huo, iliyopigwa mwezi wa Oktoba, kijito kikiwa kimekonda. Picha itaonyesha hariri nyeupe iliyojaa kutoka jiwe hadi jiwe. Itapendeza ukutani mwa hoteli. Na itasema *maji hushuka* mahali ambapo jambo lenye maana kuliko yote ni kama maji *yalikuwa yakishuka* siku ile, na kwa kiasi gani. Picha fupi ya mahali pale pale, yenye matone yake yanayohesabika na jiwe lake kavu, haina uzuri huo, lakini mtaalamu wa maji aweza kuisoma. Kwa upande huu hukumu ya haki ni kwamba mwaniko mrefu wa maji katika nchi hizi, kama ulivyozoeleka, ni ufundi unaoficha kile kinachotafutwa.

Mawingu ni habari nyingine. Ukungu wa Ziwa Ngozi, lililo ndani ya kreta katika milima ya Uporoto, hujaa na kufunguka mara nyingi kwa siku, na picha fupi huukamata ama umefunga, ambapo haionekani hata ng'ambo, ama umefunguka, ambapo ziwa laonekana kama maziwa mengine. Mwaniko wa dakika kadhaa huyachanganya yote mawili. Kingo za kreta zikabaki thabiti, maji yakawa nusu yapo nusu hayapo. Mwenyeji wa Rungwe ataikubali picha hiyo kuwa ndivyo Ngozi lilivyo. Hapa *hu-* haikuibwa. Ukungu ule kweli ni desturi ya mahali, na umbo lake la dakika moja halina habari iliyopotea. Vivyo hivyo mawingu yanayoupita mlima Loleza juu ya mji wa Mbeya: mlima umesimama, mawingu yamevutwa, na mvutano huo waonyesha upepo umetoka wapi, jambo ambalo picha fupi haiwezi kulionyesha.

Lakini chini ya Loleza uko mji, na mhakiki wa picha za mandhari za Mbeya akiishia milimani atakuwa amelikwepa jambo gumu. Mwanjelwa, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, ina soko linalojulikana kote katika Nyanda za Juu. Viazi na ndizi hushushwa, mchele hupimwa, mitumba hutandazwa, bajaji na mikokoteni hupenya penye upenyo na pasipo. Lau kamera ingesimamishwa hapo adhuhuri na kuanikwa kwa sekunde 64, ingetoka nini? Hesabu ni nyepesi. Mtu anayetembea hukaa katika nafasi ya upana wa mwili wake kwa nusu sekunde hivi. Ameacha basi chini ya sehemu moja ya mia ya nuru iliyotakiwa kumwandika. Wanunuzi wote wangetoweka. Madalali wangetoweka, na wapiga debe, na watoza ushuru, na wenye magari. Wangebaki walioketi: mama mwenye fungu la nyanya juu ya gunia, fundi cherehani, mzee mwenye mizani. Nao wasingebaki kwa ukamilifu, kwa kuwa mikono yao haitulii. Wangekuwa na mabega na vichwa vilivyo wazi na mikono ya moshi.

Picha hiyo, iwapo ingepigwa kwa akili, ingekuwa kinyume cha picha ya hoteli. Mwaniko ule ule unaoondoa watu wa barabarani ungewatoa mbele wale ambao picha ya haraka huwapoteza katika msongamano. Ni mpiga rangi viatu wa Daguerre amerudi, na safari hii si mmoja. *Hakuna aliyekaa* ingegeuka *hawa ndio waliokaa*, na hilo ni neno la kweli juu ya soko, kwa maana biashara ya soko la namna hii hubebwa na wanaokaa kutwa nzima wakimngoja apitaye.

Njia hiyo imekwisha kujaribiwa kwingine. Alexey Titarenko alipiga picha St. Petersburg kuanzia 1992, miaka ya taabu baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Sovieti, mchana, kwa mwaniko mrefu, akielekeza kamera kwenye umati wa watu katika ngazi za kituo cha reli ya chini ya ardhi. Watu wamekuwa moshi unaopanda ngazi. Vilivyobaki wazi ni viganja vilivyoshika chuma cha pembeni. Titarenko hakuwafuta watu. Alichagua muda ambao ungewapunguza bila kuwamaliza, na kiganja kimoja kilichoshika chuma kinatosha kumjulisha mtazamaji kwamba moshi ule una njaa na una foleni. Tofauti yake na waanikaji wa maporomoko si ya kifaa, maana kifaa ni kile kile. Yeye ameacha ndani ya picha kitu kinachopima muda, nao huondoa kila kipimo ili muda uonekane haupo.

Michael Wesely alikwenda mbali zaidi. Huko Berlin, kati ya 1997 na 1999, aliziacha kamera zake wazi kwa miezi mingi zikiitazama Potsdamer Platz inayojengwa upya, na kuanzia 2001 hadi 2004 alifanya vivyo hivyo mjini New York wakati jumba la makumbusho la MoMA lilipokuwa likijengwa. Katika picha hizo jengo la zamani na jengo jipya hupenyana kama vivuli, na njia za jua zimeandikwa angani mstari kwa mstari, siku kwa siku. Hakuna atakayezisoma kwa *hu-*. Soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto 2006, wafanyabiashara wakatawanyika, na soko jingine likajengwa kwa miaka mingi. Haikuwapo kamera ya Wesely juu ya paa lolote la jirani. Kama ingalikuwapo, vibanda vilivyoungua vingalionekana vikipita ndani ya kuta za saruji, na swali la nani alirudi na nani hakurudi lingalibaki wazi ndani ya picha badala ya kufunikwa na ukuta mpya.

Yawezekana mtu akajibu kwamba haya yote ni kuitwisha picha mzigo wa sarufi, na kwamba mpiga picha wa Kiwira hakutaka kusema lolote ila kuonyesha uzuri. Jibu hilo lingetosha kama picha zingebaki katika albamu. Lakini zimetoka zikawa uso wa nchi: zimo katika matangazo ya utalii na katika kalenda, na wageni huujua Mto Kiwira kwa picha hizo kabla ya kuujua kwa macho. Picha iliyofika huko haiwezi kudai msamaha wa pambo.

Lililo rahisi kurekebishwa ni maelezo yanayoandikwa chini ya picha. Desturi ya magazeti na vitabu ni kuandika jina la mahali na jina la mpiga picha. Wachache huandika siku, na karibu hapana aandikaye muda wa mwaniko. Kwa picha ya sehemu ya 125 ya sekunde hilo halina madhara. Kwa picha ya dakika moja, kutoandika muda ni kama kuandika kitenzi bila kiambishi cha njeo. Maneno kama *Mto Kiwira, Daraja la Mungu* chini ya shuka nyeupe hayatoshi. *Mto Kiwira ukipita chini ya Daraja la Mungu, sekunde 64, Oktoba* yanatosha, na *-ki-* ile ndogo imefanya nusu ya kazi. Na kwa picha ya Mwanjelwa, siku itakapopigwa, maelezo hayana budi kutaja walioketi kwa kazi zao, kwa kuwa hao ndio picha iliowangoja.